Mahindi Yaliyorudi Mnadani

Mwaka ule bei zilipopanda, nyumbani kwetu chakula kilianza kubaki.

Najua hilo linavyosikika. Watu wengi maisha yakipanda hupungukiwa. Sisi tulikuwa tunasaza. Nilisonga ugali mdogo kuliko wa jana, na wa jana ulikuwa mdogo kuliko wa juzi, na bado kila jioni sufuria ilirudi jikoni ikiwa na kipande kikubwa ambacho hakuna aliyekigusa. Kwa kuwa kilikuwa kinabaki, kesho yake nilipunguza unga. Nilijiona mtu wa akili sana.

Ilinichukua muda kutambua kinachoendelea mezani. Tulikuwa wanne: mama yangu mzazi, binti zangu wawili, na mimi. Baba yao alihamia Dodoma kikazi, halafu akahamia kabisa. Mama ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, kule nyuma ya mlima, na kwake mezani kuna utaratibu. Mkubwa huanza. Basi Mama alimega tonge la kwanza, la pili, akazungumza kidogo habari za mvua, akanawa mikono na kusema, "Nimeshiba."

Binti yangu mkubwa yuko sekondari na si mjinga. Aliona Koko, kama wanavyomwita bibi yao, ameacha chakula kwa ajili yao, naye akanawa. Mdogo humwiga dada yake kwa kila kitu isipokuwa kuosha vyombo, akanawa pia. Na mimi nitakaaje natafuna peke yangu wakati watoto wameshanawa? Tukawa tumekaa watu wanne wenye njaa tunautazama ugali, kila mmoja akiwa amemwachia mwenzake.

"Mbona hamli?" Mama aliuliza.

"Tumeshiba, Koko."

"Vizuri. Kushiba ni baraka."

Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja mjini. Ni kazi ya kukaa kivulini, na watu huiheshimu kuliko inavyolipa. Mshahara wangu haukusogea hata kidogo. Mafuta ya kula, mkaa, sukari, nauli na kodi ya vyumba vyetu viwili hapa Kijenge vilisogea vyote kwa pamoja, kana kwamba vilikuwa na kikao. Nilikuwa na hasira mwaka ule wote. Nilimkasirikia muuza mkaa, nikamkasirikia konda, nikawakasirikia watangazaji wa redio waliokuwa wakitufundisha kuishi kwa bajeti. Bajeti ninayo. Kilichokosekana ni cha kuweka ndani yake.

Wa kwanza kutusaidia alikuwa jirani yetu, na nusura atumalize.

Tunapakana naye ukuta kwa ukuta. Ni Mwislamu, wazee wake walitoka Kondoa, na hukaanga maandazi anayoyauza barazani kwake kila asubuhi. Ilikuwa Ramadhani. Nadhani aliona watoto wangu wanavyosimama karibu na karai lake kuliko inavyohitajika, kwa sababu jioni moja alituletea bakuli la futari limefunikwa kwa sahani: magimbi na mihogo ya nazi, bado inatoa mvuke. Tulikula wote wanne, na siku hiyo hakuna aliyewahi kunawa.

Halafu likabaki bakuli.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hilo Mama anajua, mimi ninajua, watoto wanajua, na jirani pia anajua. Nikatafuta ndani cha kuweka, nikapata sukari iliyobaki, nikaitia yote bakulini na kulirudisha. Kesho yake tukanywa chai ya mkandaa, bila maziwa wala sukari. Jirani alipoona sukari, sijui aliwaza nini, lakini jioni alileta bakuli kubwa zaidi. Nikaweka mayai. Akaleta hotpoti. Nikaenda dukani kukopa mchele ili hotpoti isirudi tupu. Naye, kama nilivyokuja kujua baadaye, aliona mchele akasema moyoni mwake kwamba kumbe hawa wenzangu wana uwezo, futari ya mihogo itakuwa ni dharau, akaanza kupika ya nyama.

Tuliendelea hivyo mpaka mwisho wa mwezi mtukufu, nyumba mbili zinafilisiana kwa wema. Idi ilipofika sote tulipumua. Jirani alinikumbatia kwa furaha ya kweli, nami nikamkumbatia, na hakuna aliyethubutu kushika bakuli.

Masika ikaja ikapita. Jioni moja Mama alitangaza kwamba amewakumbuka mbuzi wake.

Mama hana mbuzi. Wa mwisho aliuzwa Mama alipoanguka. Alianguka jikoni kwake Oldonyo Sambu akiwa peke yake, akavunjika nyonga, akalala pale sakafuni usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata, mpaka mama mmoja wa ng'ambo ya shamba alipoona kwamba moshi hautoki. Hospitali walimuunga. Nilikwenda kumchukua nikamleta Kijenge, na njia nzima nilimwambia, na kujiambia, kwamba hatalala tena peke yake katika nyumba ile. Nilikuwa sijawahi kuapa kitu na kukimaanisha hivyo.

"Yeyo," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "nani anakuchungia hao mbuzi?"

"Ndiyo maana nataka kwenda."

"Huna mbuzi."

"Basi nitaangalia shamba."

"Shamba umelikodisha."

"Nitamwangalia aliyelikodi."

Kubishana naye ni kama kuvuta punda aliyeamua. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka na kuliweka nyuma ya mlango. Angengoja Jumapili ya mavuno, alisema, amshukuru Mungu pamoja na usharika, kisha Jumatatu angepanda gari. Hakutaja chakula. Hakusema hata neno moja kuhusu bei ya kitu chochote. Lakini nilijua hesabu anayoipiga: wanne wakitoa mmoja wanabaki watatu. Na kule anakokwenda kulikuwa na kufuli, baridi ya mwezi wa saba, na sakafu ile ile.

Nikaamua kutafuta msaada. Kuamua ni rahisi, maana mtu huamua akiwa peke yake.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa nimesikia kuna misaada ya kaya zenye hali ngumu, na kaya yetu ilikuwa na hali ya kutosha. Nikaomba ruhusa kazini, nikapiga pasi sketi, nikapaka viatu rangi, kwa sababu mtu haendi ofisi ya serikali amevaa ovyo. Ofisini kwake palikuwa na viti vya plastiki na wazee kadhaa waliokuwa wakisubiri kitu ambacho hawakuonekana kukumbuka ni nini.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Hawajambo, wanaendelea vizuri na shule."

"Na Bibi, yule mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Anakusalimu."

"Kazini?"

"Kazini kwema, tunamshukuru Mungu."

"Haya, mama. Una shida gani?"

Kufikia hapo sikuwa nayo. Nilikuwa nimeimaliza yote kwenye salamu, mbele ya mashahidi. Nikajikaza nikasema kwamba maisha yamekuwa magumu kidogo. Akaitikia kwa kichwa, wazee wakaitikia, mmoja akasema hata yeye. Mwenyekiti alinieleza kwa upole, na nakiri hakuwa mtu mbaya, kwamba kaya za kusaidiwa huchaguliwa kwenye mkutano wa mtaa, wananchi wenyewe wakinyoosha mikono. "Sasa niambie, mama yangu. Nikisimama pale nikataja wewe, unayekwenda ofisini na mkoba wako, na viatu vinang'aa hivyo, nani atanyoosha mkono?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vinang'aa kweli.

Alinishauri nipande mchicha kwenye viroba, maana serikali inahimiza. Nilipanda. Uliota vizuri sana, na kuku wa mtaa mzima walineemeka.

Baada ya mtaa, nikaenda kwa Mungu. Sisi ni Walutheri, na kila Jumamosi alfajiri jumuiya yetu hukutana nyumba moja baada ya nyingine kwa sala. Kuna wakati kiongozi anauliza nani ana hitaji la kuombewa. Hiyo ndiyo niliyoiona kuwa nafasi yangu. Mtu hawezi kukwambia viatu vyako vinang'aa wakati umefumba macho.

"Naomba mniombee hali ya uchumi," nilisema.

"Na mimi uchumi," alisema baba mmoja mwenye bodaboda mbili.

"Mimi pia, hasa uchumi," alisema mwalimu.

Ulipomalizika mzunguko, watu wote walikuwa wameomba uchumi isipokuwa mama mmoja aliyeomba mvua, na huyo naye ni mkulima. Kiongozi akatuunganisha katika sala moja ili kuokoa muda. Hakuna aliyeweza kujua katika uchumi wote ule wa kwangu ulikuwa ni upi.

Juma lililofuata zamu ya kukaribisha jumuiya iliangukia kwetu. Ningeweza kusema hatuna kitu. Nasema ningeweza kama vile mtu anavyosema angeweza kuruka. Nilikoroga chai ya maziwa, nikachukua maandazi kwa jirani, nikachemsha mayai yaliyokuwepo. Mama alikaa kwenye kiti chake amejifunga kitenge chake kizuri, akawahimiza wageni wale. Walikula kilichokuwa kitutoshe siku nyingi, kisha mwalimu akasimama kumshukuru Mungu kwa namna alivyoibariki nyumba hii. Nikasema amina.

Kiongozi wa jumuiya ni mama wa Kichaga mwenye duka la nafaka Kwa Mrombo. Ni mtu mwenye maneno machache na mkono mzito kwenye mizani, yaani anajaza, hapunji. Siku ile alikuwa wa mwisho kuondoka. Alisimama mlangoni akalitazama lile shuka lililofungwa nyuma ya mlango.

"Bibi anasafiri?"

"Anasema anakwenda kuwaangalia mbuzi," nilimjibu.

Hakuuliza zaidi. Mwenye duka hana haja ya kuuliza. Anajua nani alikuwa ananunua mchele kwa kilo na sasa anapima robo, na anajua nani siku hizi huja jioni sana, wateja wengine wakiwa wameondoka. Aliniambia tu, "Jumapili ya mavuno usikose mnada. Na Bibi umlete."

Nilifunga mlango nikiwa nimeudhika. Nilidhani anataka nikanunue.

Mnada wenyewe ni huu. Wasio na fedha, na hata wenye nazo, huleta sadaka kwa mazao: mayai, maziwa, mikungu ya ndizi, maboga, miwa, kuku, mahindi. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, na siku ya mavuno mnada huchukua muda mrefu kuliko mahubiri. Una desturi zake. Ukishinda kitu unaweza kukichukua. Unaweza kusema apewe fulani, labda mchungaji, labda kwaya. Lakini mtu anayejiweza, au anayetaka aonekane hivyo, husema, "Irudi mnadani." Hapo watu hupiga vigelegele, na kitu kile kinauzwa tena upya. Nimeona trei la mayai likirudi mnadani mpaka aliyelileta akawa amesahau kwamba ni lake na kulinunua.

Miaka ya nyuma, mambo yalipokuwa yakienda, mimi nilikuwa mmoja wa watu wa "irudi mnadani". Nililisema vizuri, kwa sauti ya kawaida, bila kujivuna, na huko ndiko kujivuna kwenyewe.

Jumapili hiyo kulikuwa na ukungu mpaka karibu saa sita. Mama alikaa mbele, kwenye viti vya wazee, na fimbo yake katikati ya magoti. Mimi na watoto tulisimama nyuma yake. Anayenadi ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ambayo haikustaafu naye. Aliuza maboga, akauza kuku, akauza miwa, kisha vijana wawili wakabeba nusu gunia la mahindi mapya na kulisimamisha mbele yetu. Nusu gunia. Nililitazama jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyepotea kitambo. Nikafikiria kinu, nikafikiria makande, nikafikiria nyuso za watoto. Kisha nikajilazimisha kutazama mlima, ambao haukuwa unaonekana.

Mama mwenye duka alipandisha bei, akashindana na watu wawili, akashinda. Mzee wa kanisa akamuuliza anaamuaje.

"Apewe Bibi yetu," alisema, akimwonyesha Mama kwa kidevu. "Apewe yeye na binti yake."

Ndipo nikaelewa kwa nini aliniambia nisikose. Yote aliyapanga ili yasionekane kama msaada. Ingeonekana kama heshima kwa mzee, kama wanavyopewa wazee wote, na sisi tungebeba mahindi yetu tukaenda zetu vichwa juu. Mtu alikuwa ameniona.

Vijana wakayainua mahindi, wakayaleta mpaka miguuni kwangu. Usharika mzima ukageuka. Mzee wa kanisa, kwa adabu tu, maana ndivyo inavyoulizwa, akasema, "Haya, dada yetu. Mnasemaje?"

Mdomo wangu ulifanya kazi yake bila kunishauri.

"Tunashukuru sana," nilisema, vizuri, kwa sauti ya kawaida. "Irudi mnadani."

Vigelegele vikalipuka. Watu walipiga makofi kuliko walivyompigia yeyote siku ile. Mzee wa kanisa akasema huo ndio moyo wa utoaji. Vijana wakalibeba gunia wakalirudisha. Mama mwenye duka alinitazama kwa uso wa mtu aliyemwagikiwa na maziwa. Binti yangu mkubwa alisema "Mama" taratibu, mara moja. Nilikuwa natabasamu. Nilitaka kuacha nikashindwa.

Likanadiwa tena. Likachukuliwa na baba mmoja mwenye pikapu, aliyesema atawapikia vibarua wake, na vijana walikuwa wameshaanza kulipeleka garini Mama aliposimama.

Alisimama kwa awamu, fimbo kwanza, kisha nyonga, kisha mengine yote. Mzee akisimama namna ile katikati ya mkutano, watu hudhani Roho amemshukia na anataka kuomba. Wanaume wakavua kofia. Mzee wa kanisa akainamisha kichwa.

"Hiyo mahindi ni ya mimi," Mama alisema.

Kiswahili cha Mama hakijawahi kusumbuliwa na ngeli. Alikijifunza sokoni, ukubwani, na amekitumia kama jembe la kuazima. Lakini siku ile hakuna aliyeshindwa kumwelewa.

"Shikamoo, Bibi," mzee wa kanisa alisema, akiwa bado ameinama nusu. "Yamesharudi mnadani, Bibi. Binti yako ndiye aliyeyarudisha."

"Huyu karudisha kwa sababu anaona haya. Mimi ni mzee. Haya yangu imekwisha." Akageuza kichwa, akawaangalia waliokaa kulia, kisha waliokaa kushoto, mtu asije akasema hakusikia. "Mimi nina njaa. Watoto ya huyu ina njaa. Na yeye ana njaa, lakini ana mkoba. Lete."

Sijawahi kusikia uwanja wa kanisa ukiwa kimya vile. Kuku mmoja aliyefungwa miguu ndiye aliyeendelea na shughuli zake. Mtu fulani nyuma alipiga makofi, akagundua yuko peke yake, akaacha. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani imeze na mkoba.

Mwenye pikapu, aliyekuwa ameshapanda garini, alishuka. Alilichukua gunia mwenyewe, vijana wakitaka kumsaidia akawakatalia, akalileta mpaka mbele ya Mama na kulilaza chini. "Takwenya, Koko," alimwamkia kwa Kimaasai, lugha ya kwetu.

"Iko," Mama aliitikia, na akaliwekea gunia fimbo juu yake, kama mtu anayeweka alama kwenye kiwanja.

Kisha likatokea jambo ambalo mzee wa kanisa hakuwa na utaratibu nalo. Dada mmoja wa kwaya, bado amevaa joho, alisema pale alipokuwa kwamba hata kwake hali ndiyo hiyo hiyo, na kwamba kama mayai yale hayajapata mtu, watoto wake wangeyala. Hakulia wala hakuomba radhi. Baba wa bodaboda mbili akasema ukweli ni kwamba bodaboda ni moja, nyingine ilishachukuliwa. Mwalimu akauliza kuhusu boga lililobaki. Mtu ananunua, anasema apewe yule, na yule anapokea. Anapokea kweli, anaondoka nacho. Sikusikia tena neno "irudi" siku ile. Mnada wa mavuno mwaka huo haukuleta fedha nyingi, na mtunza hazina wa usharika alionekana kusikitika.

Mama mwenye duka alinijia akiwa amefura.

"Nimehangaika kutafuta njia usiyoona aibu," alinong'ona, "na wewe unanirudishia mbele ya watu!"

"Nisamehe, dada. Nilisahau kwamba sina."

Akanitazama, nadhani alitaka kunigombeza zaidi, akacheka kidogo bila kupenda. Kisha akaniambia kuna akina mama kadhaa wa usharika ambao hujiunga kununua gunia zima moja kwa moja kwa wakulima wanaoshusha Kwa Mrombo, wakagawana kwa debe, wengine hulipa kidogo kidogo. Walikuwa hawajawahi kuniambia kwa sababu walidhani nitawaona wanajidhalilisha. "Njoo Jumamosi," alisema. "Na ndoo yako. Na usivae hivyo viatu."

Mahindi yalitangulia kwa pikapu, watoto wakapanda nayo nyuma, wakiyashika kama yangekimbia. Mimi na Mama tulirudi kwa miguu, polepole, kwa ajili ya nyonga. Nilikuwa na hasira. Miaka yote ile ya kujitunza, ya kupiga pasi, ya kusema nzuri, hatujambo, tunamshukuru Mungu, na yeye kaimaliza kwa maneno ambayo hata hayakukubaliana kisarufi. Nilivumilia mpaka tulipofika kwenye lami.

"Yeyo, umeniaibisha."

"Ndiyo," alisema.

Tukatembea. Nilikuwa na swali moja tu la maana na niliogopa kuliuliza, kwa hiyo nililiuliza vibaya, kama mtu anayeulizia ratiba.

"Na gari la kesho ni la saa ngapi?"

Alisimama katikati ya njia. Alinitazama kwa mshangao, kama vile ada zote zile za shule alizonilipia zilikwenda bure.

"Mtu amesema mbele ya kanisa kwamba kwa binti yake kuna njaa," alisema, safari hii kwa Kimaasai, kwa Kimaasai chake kilichonyooka ambacho hakihitaji kuazima. "Kesho yake anaonekana stendi na mzigo wake, anarudi kukaa peke yake. Watasema nini? Watasema umenifukuza kwa sababu nimesema ukweli. Utaishi vipi hapa? Siwezi kwenda tena. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijasimama."

Nilikuwa nimedhani amesimama kwa ajili ya mahindi. Nililia pale kando ya barabara mchana kweupe, na Mama akaniacha nilie, akitazama magari kushoto na kulia. Zilipopungua pikipiki alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika zamani tukienda sokoni, akanivusha.